Siku ya Kumsema Marehemu

Februari 4

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mama mkwe wangu, halafu pasi zako zote tatu za dukani, maana najua nikizisahau utasusa. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi vizuri, kwa hiyo silalamiki. Kazini wameniweka kwenye meza ya kusaga vioo vya miwani. Kutwa nimeinamia mashine, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, na jioni nikijitazama namwona bibi mzaa baba. Mwambie Mama miwani yake ya kusomea naituma pamoja na barua hii. Fremu nimemchagulia nyekundu. Akisema haitaki, mwambie ni ile ile aliyokuwa akiikodolea macho usoni kwa jirani.

Usinilaumu kwa kuandika badala ya kupiga simu. Simu tumeijaribu mimi na wewe. Mara ya mwisho tulibaki tunasikilizana tunavyopumua, halafu ukasema mteja ameingia, na mimi nikasikia kabisa kwamba hakuna mteja aliyeingia.

Sasa lililonikalisha hapa na kalamu. Kuna kikundi huku cha watu waliofiwa na ndugu zao wanajeshi. Hakuna mtaalamu wala mhubiri, ni wafiwa wenyewe kwa wenyewe, kila Jumamosi, katika chumba kilicho juu ya duka la rangi. Aliyetangulia kufiwa anamshika mkono aliyefuata, basi, hiyo ndiyo elimu yote. Mimi nilipelekwa na mteja. Mama mmoja alileta miwani iliyovunjika, akanikuta machozi yananidondoka kwenye mashine. Nikamwambia ni vumbi. Akasema vumbi hilo hata yeye analo, lilimwingia mwaka aliomzika mwanawe aliyekuwa akifundisha makuruta gwaride. Alinisubiri nje mpaka nikatoka kazini.

Huyo ndiye kiongozi wetu. Tunamwita Mama Filimbi, kwa sababu filimbi ya mwanawe iko shingoni mwake na hailali njaa. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tuna siku ya kumsema marehemu. Kila mtu analeta kosa moja la mtu wake. Si kosa la kumvua nguo, ni lile la nyumbani, la kukera. Ukianza tu kusema "alikuwa mtu wa watu", filimbi inalia, na vikombe vyote vya chai unaosha wewe. Mama Filimbi anasema watu wetu wamevikwa vilemba vya ukoka na wenye vyeo mpaka hatuwatambui, sasa kazi yetu ni kuwarudisha nyumbani. Kuna baba mmoja, fundi redio, aliyempoteza binti yake, nesi wa jeshi. Alitusimulia binti huyo alivyokuwa akikwangua ukoko wote wa sufuria, akaula, halafu akafunika sufuria na kuwaita wengine waje kula ukoko. Tulicheka mpaka mwenye duka la rangi akapanda kuuliza kama tuko salama.

Zamu yangu ilipofika nikasimama. Wifi, sikuwa na kosa hata moja. Nikasema alikuwa mpole. Filimbi. Nikasema alinipenda. Filimbi. Hii ni mara yangu ya pili kuosha vikombe, na watu wa kikundi hiki wanakunywa chai kama wamelaaniwa. Kaka yako nilikaa naye miaka mitatu ya ndoa, lakini ukiondoa kambi na safari sijui kama inabaki hata miezi kumi ya kulala chini ya dari moja, na kila akija likizo anakuja ameshaoga na ameshajipanga. Wewe na yeye mmelala chumba kimoja tangu anakojoa kitandani. Nakuomba makosa ya kaka yako. Hata moja tu.

Na wewe hali yako ikoje?

Wifi yako, mwosha vikombe


Februari 27

Kwako mwosha vikombe,

Salamu zimefika, pasi zimeitikia. Mama hajambo, isipokuwa goti lile la kushoto, ambalo linauma akiitwa jikoni na kupona akiitwa harusini. Miwani imefika. Anasema rangi nyekundu ni ya wasichana na haimpendezi, na tangu aivae hajaivua. Huku mvua haikatiki. Nguo za watu hazikauki, nimetundika mashuka ya nyumba ya wageni mpaka sebuleni, na mgeni akija anapita katikati yake ameinama kama anaingia hemani. Mteja mmoja kaniletea suti ya kuoshwa, mfukoni mna kipande cha samaki. Sijamuuliza. Kazi ya dobi ni kuosha, si kuhoji.

Sasa hilo jambo lako. Wifi, huko mjini mnakunywa chai ya nini? Watu wanakaa kwenye viti, wanamteta marehemu, halafu wanapuliziana filimbi. Kaka yangu alizikwa kwa risasi za heshima, wakubwa wake walisimama juani mpaka jasho likawatoka kwenye kofia. Mama ameweka ile picha kubwa ukutani, ile ya sare, aliyokunja uso kama amekanyagwa. Kila asubuhi anaifuta na kuiamkia. Wewe na mimi tunajua kwamba lilikuwa gari la maji, barabara mbovu, likapinduka. Lakini ukimsikia Mama anavyowasimulia majirani siku hizi, kulikuwa na vita, na juzi ameongeza mto. Amemwambia mama wa nyumba ya pili kwamba mwanawe hakuwahi kulia hata alipokuwa mchanga. Nilikuwa nakunja mashuka, nikaendelea kukunja.

Katika nyumba hiyo ndimo unataka nitoe makosa? Nikitoa moja litavuta jingine, na sina kamba ya kuyaanikia.

Kaka yangu hakuwa na kosa. Kawasomee hivyo, wapulize, uoshe vikombe. Mikono yako itakuwa laini, itakusaidia kwenye vioo.

Mimi mzima. Kazi nyingi.

Dobi


Machi 16

Wifi yangu mwenye kaka asiye na kosa,

Shikamoo ya Mama ifikishe, na goti lake lipe pole kwa jinsi linavyojua kuchagua shughuli. Mimi nimehamishwa dirisha kazini, sasa naona barabara. Naona pia watu wanaotoka kununua miwani mipya, wanavyosimama nje na kuutazama mti mmoja kwa mshangao kama vile umeota leo. Ndiyo raha yangu ya kutwa.

Nilifanya ulivyoagiza. Nilisimama mbele ya watu nikasoma, "Kaka yangu hakuwa na kosa." Mama Filimbi alipuliza mpaka akakohoa, ikabidi apigwe mgongo. Amesema hiyo ni sifa kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia chumbani mle, na kwamba dada mtu aliyeiandika ana deni la vikombe vya mwezi mzima. Mimi ndiye niliyekuoshea.

Tumecheka, sasa nisikilize. Mnajiuliza huko kwa nini siji. Najua jirani anasema nimepata mwingine. Siji kwa sababu ya picha. Nikikaa pale sebuleni namtazama mwanamume aliyekunja uso, naambiwa ni mume wangu, nami simjui. Mwanzoni nilidhani nikiondoka nitamwacha ukutani. Amenifuata. Sasa nikifumba macho huku ndiye ninayemwona, yule wa sare, hacheki, hasemi. Nimesahau alivyokuwa akitafuna. Sauti yake ya asubuhi, ile ya kabla hajanywa maji, naitafuta siipati. Wifi, mume wangu nilimzika mara moja, lakini sasa ananiponyoka mara ya pili, na safari hii hakuna mtu anayekuja kunipa pole. Naogopa. Sikuombi makosa kwa mchezo, nakuomba unirudishie mtu.

Na wewe? Mara ya kwanza niliuliza, ukanijibu "mimi mzima, kazi nyingi." Hilo ni jibu la kumpa mwenye suti ya samaki.

Wako


Aprili 28

Wifi,

Nimeangalia sanduku la posta mpaka karani ananionea huruma. Kama umesusa, andika "nimesusa" uweke stempu, niwe na cha kusoma.

Mama amenipigia. Kasema goti halijambo, kasema miwani inamtosha, halafu akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mchana unafunga nusu ya mlango wa duka na kukaa ndani bila kuwasha pasi. Kwamba wateja wanagonga nawe hufungui. Nikamuuliza tangu lini, akasema goti limeanza tena.

Mficha maradhi, unajua mwisho wake. Sisemi zaidi.

Mimi


Mei 20

Kwako wifi mwenye kelele,

Sikususa. Pasi ya mvuke iliharibika, fundi akaja, akaondoka na bomba, akarudi na bomba jingine lisilo lake. Halafu kukawa na harusi mbili wiki moja, na bibi harusi mmoja alinenepa kati ya kupima na kuvaa, kila mtu akanitazama mimi kama gauni limenywea nilipolifua. Hizo ndizo habari. Mama anasema mengi, ana miwani mipya, anaona hata yasiyokuwepo.

Barua yako ya Machi nilikuwa nayo kwenye aproni. Imefuliwa mara moja na bado inasomeka, wino wenu huko ni mzuri.

Haya. Kosa moja, na ukishalisema huko libaki huko.

Kaka yangu aliogopa mijusi. Sisemi hakuwapenda, nasema aliogopa, kuogopa kwa kutoka jasho. Bafu letu la zamani lilikuwa na mmoja mnene aliyekaa juu ya taa, na huyo bwana hakuingia kuoga mpaka mimi niingie kwanza na kandambili, nipige ukuta, nipekue nyuma ya ndoo, nitoke niseme pako shwari. Nilikuwa mkubwa wake kwa miaka miwili, na kwa kuwa aliona haya kusema anaogopa, aliufungua mlango, akainama kidogo, akanyoosha mkono na kusema, "Tangulia wewe, wanawake kwanza." Halafu anaingia kifua mbele, anaoga huku anaimba, na kuimba kwenyewe ni kwa mtu anayefukuza kuku.

Nilidhani jeshi litamtoa woga huo. Mwaka ule alipopandishwa cheo alikuja likizo, na mimi napiga pasi sebuleni nikasikia naitwa kwa sauti ya mtu anayeuawa. Nikakimbia na pasi mkononi, bado ya moto. Nikamkuta mtetezi wetu amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, taulo kiunoni, ananionyesha kwa kidole kimjusi kisichozidi kalamu unayoandikia. Nikakifukuza kwa pasi. Akashuka, akaniambia nikimwambia mtu atanikana kama dada.

Sijamwambia mtu mpaka leo. Basi, umepata.

Dobi


Juni 9

Wifi, wifi, wifi,

Leo salamu zitasubiri. Wanawake kwanza!

Unajua miaka mitatu mizima nimekuwa nikitangulia bafuni? Kila nyumba ya wageni tuliyolala, kila chumba tulichopanga, mume wangu ananifungulia mlango wa bafu, anainama kidogo, ananyoosha mkono. Nilikuwa nawasimulia wenzangu. Nilikuwa nawaambia, "Ninyi mna waume, mimi nina muungwana." Mdogo wangu alivunja uchumba, wifi, kwa sababu mchumba wake hamfungulii milango kama shemeji yake. Na mara nyingine nikitoka aliniuliza, "Mle ndani pakoje?" Nikidhani anaulizia maji kama ni ya moto.

Nililisimulia Jumamosi. Nilisimama, nikafungua mlango usiokuwepo, nikainama. Fundi redio alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni kabisa. Mama Filimbi alicheka hana sauti, filimbi inarukaruka kifuani. Na mimi nikacheka nao, kisha nikiwa katikati ya kicheko nikamsikia. Sauti yake yenyewe, ya kukwaruza kidogo, ya kabla hajanywa maji: "Tangulia wewe." Nikakaa nikalia, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Waliniacha nilie mpaka nikamaliza, ndipo mmoja akaniuliza kama ule mjusi mnene wa juu ya taa alikuwa na jina.

Yule wa pichani hajaonekana tangu siku hiyo. Anayekuja sasa amevaa taulo. Wifi, sijui kukushukuru bila kufanya mzaha, kwa hiyo nitafanya mzaha: vikombe vyako nimekusamehe.

Lakini sasa naja kwako. Umenipa kurasa mbili za mijusi, na swali langu umelipiga chenga kwa mara ya tatu. Unakaa gizani dukani kwako, wewe ambaye nguo yenye mkunjo mmoja inakunyima usingizi. Nyani haoni kundule, nami sikuliona langu mpaka nilipokaa na wenzangu. Njoo kikundini. Huku hakuna anayeingia peke yake, lazima aletwe na mtu. Nitakuleta mimi.

Mwosha vikombe mstaafu


Julai 1

Mwosha vikombe mstaafu,

Mama anakusalimu. Mvua imekwisha na sebule imekuwa sebule tena. Mwenye suti ya samaki amerudi na suti ya pili, mfukoni mna kitunguu. Nasubiri alete nyanya.

Nashukuru kwa kualikwa, lakini tazama mwenyewe. Mna wajane, mna wazazi. Mimi nitakaa kiti gani? Mimi si mjane na si mama. Siku ya mazishi nilisimama mlangoni kupokea watu. Kila aliyenishika mkono aliniuliza, "Mama anaendeleaje?" Nikimjibu ananiuliza, "Na mke wake je, maskini, mdogo namna ile?" Nikamjibu na hilo. Kisha anaingia ndani. Walipita wote, wifi. Nilizitoa habari zenu mpaka koo likakauka, na sikuona vibaya, ninyi ndio mliofiwa. Watu walipokaa kula mimi nikaenda nyuma nikapiga pasi. Zilikuwepo nguo za waombolezaji waliotoka mbali, zimejikunja safarini. Nilizinyoosha zote, na tangu siku hiyo naendelea kunyoosha.

Na yeye mwenyewe, asubuhi ile ya kuondoka... Basi, hilo liache.

Nimeandika vibaya, nilikuwa nataka kukuchekesha. Usimwonyeshe Mama Filimbi.

Dobi


Julai 20

Wifi yangu,

Nilimwonyesha.

Hasira zako zitanikuta huku huku, mimi naendelea. Mama Filimbi aliisoma barua yako akiwa amesimama, akairudia akiwa amekaa. Halafu akanyamaza, jambo ambalo kikundi hakijawahi kuliona, hata mwenye duka la rangi alipanda kuangalia. Akasema yeye ana binti mkubwa, dada wa marehemu, na kwamba miaka yote hii kila akimpigia binti huyo wanazungumza habari za mama tu, si za binti. Akashuka dukani, akarudi na kiti. Kimechafuka rangi za kila namna na mguu mmoja mfupi, hakitulii, kina tabia zako kabisa. Amekiweka kati yangu na fundi redio. Amesema ni kiti cha dada na kaka, na hakuna mtu mwingine wa kukikalia, hata tukijaa.

Jumamosi mbili sasa kipo kitupu, na chai yako inamiminwa, inapoa, inamwagwa.

Nami nikuombe radhi kwa neno moja. Nilikuandikia Februari nikitaka makosa ya mume wangu. Sikukumbuka kwamba kabla hajawa mume wangu alikuwa kaka yako, tena kwa muda mrefu zaidi. Nawe umefiwa, wifi. Ningekwambia siku ile mlangoni, lakini nami nilipita.

Njoo Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Mama mwachie jirani, goti lake litakuwa zima kwa siku mbili.

Wako


Agosti 11

Wifi,

Sitakuja. Nina magauni ya harusi sita na pasi ile ya mvuke inatoa maji kama mtoto mwenye mafua. Kiti kiuzeni.

Mwambie mama huyo nashukuru kwa kiti.

Dobi


Septemba 14

Wifi yangu,

Nimefika nyumbani salama. Mama anakusalimu na anauliza kama kweli unakula, maana nimemwambia umekonda. Hukukonda, lakini ni salamu nzuri kumpa mama mkwe.

Usijisifu eti ulinileta. Nilikuja mwenyewe, na uso wako uliponiona nimesimama kwenye ngazi za lile duka, na begi, na kitambaa cha meza nilichokipiga pasi, ningeupiga picha. Mlikuwa mnaweka vikombe juu ya magazeti, watu wazima. Kitambaa kile mkifue kwa maji baridi na msikikamue.

Nakuandikia yaliyotokea ingawa ulikuwepo, kwa sababu ulikuwa unalia kuliko mimi na nadhani hukuona vizuri. Nilipokaa kwenye kile kiti kikayumba. Fundi redio akakunja gazeti, akaliweka chini ya mguu mfupi, akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Nikamwambia, "Dada yake."

Nikangoja. Jibu la Mama nilikuwa nalo mdomoni, na lako nyuma yake, nimezoea kuyatoa kama chenji.

Akasema, "Pole, dada."

Akaishia hapo. Hakuulizia mtu mwingine. Wifi, sikujua mtu anaweza kupewa neno dogo namna ile likamwangusha. Nililia ndani ya kikombe, chai yote ikawa ya chumvi, na huyo baba alishika kisahani changu tu, wala hakunitazama.

Zamu yangu nilijitia hodari. Nikasema kaka yangu alikuwa mwenye moyo, na Mama Filimbi akapuliza. Ilinikera hasa. Nikataka kutaja kuimba kwake, au soksi alizokuwa akizitupa ovyo, na badala yake likatoka lile nililokuwa nimelikalia. Nikasema, "Hakuniaga."

Ulilisikia. Alfajiri ile ya safari yake ya mwisho nilitoka nyumbani kwenda dukani kumalizia mashati yake ya kusafiri nayo, kola tatu zilikuwa zimebaki. Nilijua atayafuata mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea maneno, nimepanga kabisa, nitamwambia huko aendako aulize kwanza kama mijusi ni wengi. Akamtuma mtu. Kijana wa gari alichukua mashati, akasema afande ana haraka, na lile gari likapita mbele ya duka langu bila kupunguza mwendo. Aliaga mke, akaaga mama, mimi akaniachia kijana wa gari. Nikawaambia nina hasira naye. Nikawaambia nampenda na nina hasira naye, na kwamba nikikaa dukani na mlango umefungwa nusu ni hasira hiyo ninayokaa nayo, kwa sababu mtu hawezi kumkasirikia shujaa wa ukutani mbele ya mama yake. Mama Filimbi alikuwa na filimbi mdomoni. Akaitoa.

Ndipo ukasema wewe, kamasi zinakutoka. Kwamba langoni ulimuuliza kama amepita kwangu, naye akakwambia, "Dada simuagi. Atanitania, nami nitalia, na gari limejaa watu." Na kwamba ulidhani ananionea aibu tu, ukasahau, hukujua ni kitu.

Nimelifikiria safari nzima ya kurudi. Mtu anayeogopa mjusi na anayeogopa kulia mbele ya wenzake, na sisi tumemtundika ukutani amekunja uso. Nikasema nitamsamehe nikifika nyumbani. Nimefika, na sijamsamehe bado. Lakini hasira yenyewe imekuwa ya nyumbani, kama ile ya kunywewa maziwa, na ninaweza kufanya kazi nayo. Leo nimefungua mlango wote wa duka. Mwenye suti alikuwa wa kwanza.

Mama nilimweleza habari ya mijusi wakati anaifuta picha. Nilidhani atanitoa nje. Alisimama na kitambaa mkononi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaniambia siku ile mwanawe aliporipoti jeshini alimpeleka mwenyewe mpaka getini, na kijana alilia, akalia mpaka mlinzi akampa maji, na Mama alimwahidi hatamwambia mtu. Halafu akakaa, akaniuliza kama hicho kikundi kinakubali watu wenye goti bovu. Picha hajaishusha. Ila asubuhi hii alipoiamkia alicheka.

Niwekee kile kiti Jumamosi ya kwanza, na kingine pembeni yake. Lile gazeti chini ya mguu msilitoe. Mwambie Mama Filimbi sikumaliza, kaka yangu nina mengi ya kumsema.

Dada yake